Kipande cha Jumamosi

Mwezi uliopita tulimzika Mama Candiru, fundi aliyenifundisha kushona, nyuma ya nyumba yake pale Bwera. Kabla jeneza halijashushwa, msemaji wa familia alisoma karatasi ambayo marehemu aliiandika kwa mkono wake. Ilikuwa fupi. Aliwashukuru wateja, akamshukuru padri, akamwachia bintiye nyumba na cherehani, kisha yakaja maneno haya: "Namshukuru Kabugho. Mwaka ule nilioumwa alikuwa anaamka kabla yangu kila asubuhi, anasafisha bafu kwa majivu ili nikute mahali safi. Sijawahi kufanyiwa hivyo na mtoto yeyote, wa tumbo langu au wa mwingine. Mungu amwone." Msemaji akauliza Kabugho ni nani, asimame watu wamjue. Nikasimama. Mimi mtu mzima, mwenye duka langu la ushonaji Kasese mjini, nilisimama katikati ya viti vya plastiki nikiwa nimeinamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu. Mama mmoja nyuma yangu alinigusa bega akasema, "Wewe thawabu yako iko mbinguni." Nikakaa. Ndiyo sababu naandika. Wameyashukuru majivu mbele ya kaburi. Acha basi niseme majivu yale yalikuwa ya nini.

Habari za kwetu Kyondo nitaziruka. Milima, kahawa, watoto wengi, mnazijua. Nilishuka Bwera nikiwa na miaka kumi na tisa, na chumba nilichokutana nacho nakikumbuka kuliko nyumba niliyozaliwa. Kilikuwa chumba cha mbele chenye mlango wa mbao uliotazama barabara ya kwenda mpakani. Cherehani mbili za kukanyaga, moja yake na moja ya wanafunzi. Meza ya kukatia, iliyokuwa mlango wa nyumba fulani ya zamani, bado ina tundu la ufunguo. Pasi ya makaa juu ya kigae. Ukutani kalenda ya kanisa na picha ya mumewe, sajini, akiwa amesimama wima kama amemeza fimbo. Huyo sajini alihamishwa kutoka kambi ya Kasese kwenda kaskazini, akawa anarudi mara mbili kwa mwaka, kisha mara moja, kisha barua. Mama Candiru alikuwa Mlugbara wa Arua. Kilhukonzo chetu hakujua zaidi ya salamu, na mimi Kilugbara sikijui mpaka leo, kwa hiyo tuliishi kwa Kiswahili, chake kile cha kambini, cha amri. "Simama wima." "Kata." "Wewe, mkono wako umelala?" Mtu asiyemjua alidhani ana hasira. Hakuwa na hasira. Candiru, bintiye pekee, alikuwa na miaka kumi na mbili na alisoma bweni Kasese, kwa hiyo siku nyingi tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba ile.

Alikuwa mnene, na simtukani kwa kusema hivyo. Alikuwa mnene kwa fahari, wa chai ya vijiko vinne, maandazi mawili asubuhi, na soda akimaliza nguo kubwa. Aliniambia kwamba kambini mke wa askari akikonda majirani husema mumewe hatumi kitu. Lakini mwanzoni mwa mwaka ule alianza kuona ukungu akitunga sindano, tukapanda boda mpaka hospitali, upande wa Kisinga. Mimi niliachwa nje kwenye benchi na mwavuli wake. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa amekunja midomo. Tulipofika nyumbani akavua viatu, akakaa. "Sukari," akasema. "Bado kidogo, lakini imeingia. Daktari amesema nipungue. Vidonge hivi asubuhi na jioni, na kila mwezi nirudi wanipime damu." Nikauliza amekatazwa nini. Akasema soda, maandazi, sukari ya chai, mafuta ya mawese kwenye sombe, yale majani ya muhogo, na bundu, ugali wetu wa muhogo, isizidi ngumi yake mwenyewe. Akanionyesha ngumi. Ilikuwa ngumi kubwa, tukacheka. Kuna jambo lingine daktari alimwambia siku hiyo ambalo hakuniambia. Hakuwa ananificha, nadhani alisahau tu, au aliona ni la aibu kumwambia binti. Nimeliwaza jambo hilo kuliko jambo jingine lolote maishani mwangu.

Chokoleti ililetwa na Madame Furaha. Huyu alikuwa mwuza vitenge wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, aliyevuka karibu kila siku ya soko na mabunda yake, na dadake aliishi Ulaya. Tulimshonea magauni sita ya arusi kwa siku nne, naye kwa furaha akaja na boksi bapa la rangi ya dhahabu, ndani yake vibao vinne vya chokoleti nyeusi, kila kimoja kimefungwa kwenye karatasi yake ya fedha. Mama Candiru alilisukuma nyuma. "Madame, mimi na tamu tumeachana. Daktari." Madame Furaha akakaa, akavua kilemba, akajipepea nacho. "Uliza docteur yako vizuri. Hii haiko bonbon. Hii iko ya kukomaa, sukari iko kidogo sana. Mutu anakula kipande moja, anatulia. Ile ya kukula boksi nzima, ile iko ujinga." Mwezi uliofuata Mama Candiru alimwuliza daktari kweli, na daktari akasema sawa: kipande kimoja kwa wiki, kile cheusi, baada ya chakula, mtu akiwa amekaa, na mengine yote akiwa ameyafuata. Alirudi kutoka hospitali kama mtu aliyepata likizo.

Ndipo Jumamosi zetu zikaanza. Tukishakula na kuosha vyombo, alifunga nusu ya mlango, akasimama mbele yangu akiwa na gauni la ndani, mikono juu. "Pima." Nilimzungusha tepu kiunoni, nikasoma inchi, nikachora mstari kwa chaki ya fundi kwenye fremu ya mlango, mmoja chini ya mwingine. Mstari wa kwanza ulikuwa arobaini na nne. Kisha alikaa na chai isiyo na sukari, akatoa boksi kwenye droo ya cherehani yake, akafunua karatasi ya fedha, na kwa uzi mweusi wa pamba, akiushika kwa mikono miwili, akakata kipande kimoja bila kuvunja cha jirani. Alikiweka juu ya ulimi akafumba macho. Hakutafuna. Alisema anayetafuna chokoleti anakula kama kuruta aliyeitwa gwaride. Hakutaka kusemeshwa mpaka kiishe, na mimi nilikaa nikimtazama shingo yake ikimeza. Nikimwambia ongeza hata nusu, Mama, Jumamosi ni moja tu, alijibu bila kufumbua macho: "Haba na haba ndiyo iliyonijaza hivi."

Siku ya kwanza alinipa kipande na mimi. Nilikuwa naishi kando ya njia ya kakao bila kuionja. Pale Bwera kakao ya Kongo ilianikwa kwenye maturubai nyuma ya stoo za wanunuzi, harufu yake kali kama siki, na nilijua ni kitu cha kupakia lori. Nikakiweka mdomoni. Kilikuwa kichungu kama kahawa ya baba yangu, nikataka kukitema, halafu kikaanza kuyeyuka na uchungu ukageuka ukawa kitu ambacho sina jina lake hata leo. Nilishika fremu ya mlango. Mama Candiru akacheka mpaka machozi. "Umeona? Sasa basi. Wewe mwembamba, huna cha kupungua, hiki ni dawa yangu." Akafunga droo, na ufunguo akautia kwenye kopo la vifungo. Hakuuficha. Aliutia pale mbele ya macho yangu kwa sababu aliniamini, na hilo pia naliandika.

Nilistahimili wiki tatu. Wiki ya nne, alipokwenda kanisani, nilifungua droo. Sikugusa kibao cha juu, alichokuwa anakila. Nilitoa cha chini kabisa, nikafunua karatasi taratibu kwa kucha, nikachukua kipande kimoja, nikafunika. Siku nyingine vikawa viwili. Kibao kikaanza kulegea ndani ya karatasi yake, nikaogopa, basi nikafanya kazi niliyofundishwa na yeye mwenyewe. Nilikata kanvasi, kile kitambaa kigumu tunachotia kwenye kola za mashati, vipande vya mraba sawasawa na vya chokoleti, nikavipanga safu tatu tatu, nikavitia mahali pa vile nilivyokula, nikakunja karatasi ya fedha juu yake na kuipiga pasi kwa kiganja. Ukikishika ulisema ni chokoleti. Nilijisifu. Nilihesabu kwamba kwa mwendo wake wa kipande kimoja kwa wiki, mpaka afikie kibao cha chini ningekuwa nimeshahitimu na kuondoka. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nguo za mama yule nilikuwa nazishona mwenyewe.

Wizi unataka mahali pa kujificha, na nyumba ile haikuwa na mahali isipokuwa bafu. Lilikuwa uani, mabati manne bila paa, sakafu ya saruji yenye mfereji mdogo wa kutolea maji, na mlango wa bati unaofungwa kwa waya. Wanawake tuliogea humo na tulikojoa humo, mchana tukimwaga maji, usiku gizani bila maji, choo cha shimo kikiwa mbali chini ya migomba. Nilijifungia humo na beseni la maji kama anayeoga, nikakaa juu ya jiwe, nikala. Basi mwezi wa saba au wa nane, asubuhi moja nikaingia kunawa uso nikakuta sisimizi. Hawakuwa wachache. Walikuwa mstari mweusi kutoka chini ya bati mpaka katikati ya sakafu, wamejikusanya kando ya mfereji kama watu kwenye kisima. Nikasema, Kabugho umeumbuka, makombo yako yamekuita mashahidi. Nikakimbilia jikoni, nikachota majivu ya moto kwa kopo, nikayamwaga, nikafagia, nikamwaga maji mpaka saruji ikang'aa. Mama Candiru alipoamka alikuta bafu jeupe. "Leo mgeni anakuja?" akauliza. Nikasema hapana, Mama, usafi tu.

Kesho yake wakarudi. Nikaacha kula humo, nikawa nakula nyuma ya migomba, wakarudi vilevile. Hapo, kama ningekuwa na akili ya kujiuliza swali moja tu! Nimeacha kula bafuni, makombo yanatoka wapi? Sikujiuliza. Mwizi hafikirii kitu kingine zaidi ya kukamatwa. Nilidhani harufu imeingia kwenye saruji. Nilianza kuamka kabla yake, kukiwa kunapambazuka tu, kopo la majivu mkononi, na kila asubuhi nikawaua sisimizi wale na kufuta njia yao, kwa muda wa miezi mitatu, bila kukosa hata siku moja. Sijawahi kuifanya kazi yoyote kwa uaminifu kama ule. Naye kila asubuhi, nikiwa naosha mikono, aliingia humo, akasimama kidogo, akatoka, akasema, "Safi."

Na alikuwa anapungua. Hilo ndilo lililotufunga macho wote wawili. Mistari ya chaki kwenye fremu ilishuka mpaka karibu na bawaba: arobaini na moja, thelathini na tisa, thelathini na saba. Nilipunguza magauni yake mara mbili, nikikunja mishono ndani bila kukata, kwa sababu alisema, "Usikate, unene ni kama askari, anaweza kuitwa tena." Alikuwa ameacha soda, akanywa maji. Alikunywa maji sana. Jagi la lita mbili lilikaa kando ya pedeli na saa nne asubuhi lilikuwa tupu, na mimi nikasifu, nikasema ndiyo nidhamu hiyo. Aliacha kazi kila baada ya muda mfupi kwenda bafuni, akacheka kwamba daktari amemgeuza mfereji. Alilala mezani mchana, shavu juu ya kitambaa cha mteja. Tukasema ni kwa sababu anakula kidogo. Kila kitu kilichotuambia mama huyu anakufa sisi tulikisoma kinyume, na tulikuwa na tepu ya kuthibitisha.

Watu wa nje waliona jingine. Siku moja nilikuwa chini ya meza nikiokota pini, wateja wawili wakiwa barazani wanangoja, nikawasikia. "Umemwona huyu wa Arua? Shingo imebaki kamba." Mwenzake akashusha sauti. "Mumewe ni askari. Wewe unadhani ni nini? Ile kitu haibishi hodi." Nilitoka chini ya meza na pini mdomoni, nikasema hapana, Mama amepungua kwa kujinyima, daktari ndiye aliyemwambia, njooni muone mistari. Nikawaonyesha fremu. Wakatazamana, na wiki ile ile mmoja akapeleka nguo zake kwa fundi mwingine. Madame Furaha tu ndiye aliyesema waziwazi. Alimshika kidevu akakigeuza upande huu na ule. "Mama Candiru, weye uko napungua mbio sana. Rudia docteur." Mama Candiru akasema wivu huo, Madame. Alikuwa ameruka kliniki miezi miwili. Boda mpaka kule ni siku nzima ya kazi, na kazi ilikuwa nyingi, na vidonge alivigawa nusu nusu vifike mbali. Kisha akanigeukia mimi. "Kabugho, niende nikafanye nini? Si tepu inasema?" Nikajibu. Najua hasa nilivyojibu. Nilisema, "Mama, wewe mzima kuliko mimi."

Mwezi wa kumi, akipiga pasi suruali ya askari wa zamu ya mpakani, kaa lilitoka kwenye tundu la pasi likamwangukia juu ya mguu wa kushoto. Alikuwa pekupeku, maana hakukanyaga pedeli na viatu. Nililiona kaa lile. Lilikaa juu ya ngozi, jekundu, na yeye aliendelea kupiga pasi. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Akatazama chini, akalipangusa kwa kitambaa, na askari akasema, "Mama, huo mguu ni wa komando." Tulicheka wote watatu. Kidonda kilikuwa kidogo kama kifungo cha shati. Nikakipaka asali, kisha dawa ya meno, kisha unga wa vidonge vya mwenye duka. Kikawa kama kifungo cha koti. Hakikuuma, alisema, na kwa kuwa hakikuuma aliendelea kukanyaga.

Asubuhi aliyoanguka nilikuwa nimeshamaliza kazi yangu ya majivu. Alikuwa amekaa kitandani akinisemesha Kilugbara, akiniita kwa jina la mtu mwingine, na pumzi yake ilinuka kama ndizi zilizoiva mpaka zikapasuka. Mguu ulikuwa mweusi hadi kifundo. Nikaita watu. Alibebwa katikati ya watu wawili kwenye boda, mimi nyuma kwa boda nyingine nikiwa nimeshika blanketi, na njia nzima nilikuwa naomba Mungu kwa ahadi: asife, nitasema ukweli. Hakufa. Walimkata mguu chini ya goti, na siku ya tano aliamka akawa na akili zake.

Nilikuwepo daktari alipokuja. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji usio na sukari na kijiko. Alikuwa mtu mpole, mchovu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, na hakuwa na nia ya kumgombeza. "Mama, miezi hii yote hukuja. Sawa. Lakini nilikupa alama ya nyumbani. Nilikwambia ukiona sisimizi wamekuja mahali ulipokojoa, sukari imemwagika kwenye mkojo, usingoje tarehe, njoo siku hiyohiyo. Hukuwaona?" Mama Candiru akajikaza, akainua kichwa kwenye mto, kama anayejitetea mbele ya mkubwa wake. "Nilitazama, daktari. Sikusahau. Kila asubuhi nikiamka kitu cha kwanza nilitazama. Bafu langu lilikuwa safi." Akanyoosha mkono akanishika kiwiko. "Muulize huyu. Huyu binti hana mchezo na usafi."

Daktari akanitazama. Nikasema, "Ndiyo."

Sina maneno mazuri ya kulipamba neno lile. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, niliogopa, na nilimpenda. Yote matatu ni kweli na hayapunguzi kitu. Nilijiambia nitasema akipata nguvu. Alipopata nguvu nikajiambia mguu haurudi kwa maneno. Nilikaa naye mpaka mwisho wa mwaka na mwaka mwingine juu yake, mimi nikikanyaga pedeli, yeye akikaa ubavuni akiongoza kitambaa chini ya sindano, na amri zake zikawa za watu wawili wenye mguu mmoja wa kazi: "Twende. Polepole. Simama." Baadaye tukampatia cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Watu walinisifu. Boksi la dhahabu liliondoka kwenye droo wakati nikiwa bado hospitalini naye, Candiru akiwa amekuja likizo kufagia nyumba, na sikuthubutu kuuliza limekwenda wapi. Nilipofungua duka langu Kasese nilimtembelea kila Krismasi na kibao kipya cha chokoleti nyeusi, naye akaendelea na utaratibu wake uleule mpaka uzeeni: Jumamosi, baada ya chakula, kwa uzi, kipande kimoja, nusu yake akinipa mimi. Kipande kile hakikumdhuru hata siku moja. Daktari alisema kweli, na Madame Furaha alisema kweli. Alikaa na sukari yake akiwa ameishika vizuri mpaka mwaka huu moyo ulipochoka. Kilichomdhuru ni vile vipande ambavyo hakuvila.

Siku tatu baada ya mazishi nilirudi Bwera kumsaidia Candiru kupanga vitu. Yeye sasa ni mwuguzi, mwanamke mkubwa kama mama yake alivyokuwa, na huniita anti. Tulikaa chumba kile cha mbele. Fremu ya mlango imepakwa rangi mara nyingi lakini ukiinama, karibu na bawaba ambapo brashi haikufika, unaona bado alama za chaki. Alivuta droo, akatoa kitu kilichofungwa kwenye karatasi ya fedha iliyochakaa, akakiweka mezani. "Nilikipata mwenyewe likizo ile," akasema. "Nilikuwa mtoto, nilitaka kula. Nikauma kitambaa." Akafunua. Kanvasi zangu zilikuwa zimegeuka manjano, zimepangwa safu tatu tatu. "Nikampelekea mama hospitali, wewe ukiwa umekwenda kufua, nikidhani atakasirika. Alicheka mpaka wauguzi wakaja. Akasema, tazama, hata kona amekata sawa, huyu atakuwa fundi. Akanikataza nisikuambie kamwe, usije ukaona haya."

Basi wizi aliujua miaka yote, na alikuwa ameusamehe siku ileile alipousikia. Nikaona kwamba sasa nimebaki peke yangu na lile lingine, na kwamba nikiondoka pale bila kulisema nitakufa nalo. Nikamwambia Candiru. Nilimwambia mahali nilipokuwa nakula, nilichoona sakafuni, nilichodhani, na kwa nini nilikuwa naamka mapema. Nilisema majivu yalikuwa ya kuficha makombo yangu. Alipokuwa anasikiliza aliendelea kurudisha vipande vya kanvasi ndani ya karatasi, kimoja kimoja, kisha mikono yake ikasimama.

"Walikuwepo kwa muda gani," akauliza, "kabla hajaanguka?"

"Miezi mitatu."

Alitikisa kichwa taratibu, kama anavyofanya, nadhani, akisoma karatasi ya mgonjwa kitandani. "Miezi mitatu," akasema. "Huo ndio mguu wake, anti."

Jikoni maji yalikuwa yamechemka, akaenda kutengeneza chai. Akaileta bila sukari, kama alivyozoea kumtengenezea mama yake, tukainywa, magari ya mpakani yakipita. Nilipoinuka kuaga alichukua karatasi ile iliyosomwa kaburini, ilikuwa juu ya cherehani chini ya mkasi, akaikunja mara mbili na kunitilia mkononi. Nikasema hapana, hiyo ni ya kwako, ni mwandiko wa mama yako.

"Chukua," akasema. "Shukrani ile ni yako. Mimi siwezi kuisoma tena."